Misumari ya Mrihani

Umesema nianze popote. Naanza na mrihani.

Lakini kwanza Alhamisi, kila wiki ya tatu,
basi la saa kumi na mbili na robo
hunitoa Carbonia hadi Cagliari
nikanywe damu ya watu.
Ndivyo asemavyo kaka yangu Bachisio: kunywa.
Sinywi. Hunidondokea mkononi, tone, tone,
ya mwalimu labda, ya mlinzi wa benki,
nami saa tano nalala chini ya dari
niijuayo kuliko uso wa baba.

Damu ya kuazima ina riba.
Riba yenyewe ni chuma: haitoki, hutuama,
huanzia inini, hutambaa taratibu hadi moyoni.
Babu alichimba makaa chini ya mji huu
miaka ishirini na saba, akapanda juu kila jioni.
Mimi ndiye mgodi. Nipande wapi?

Kwa hiyo kuna dawa. Vidonge vitatu kila usiku,
vikorogwe kwenye glasi ya maji ya machungwa,
ladha ya chaki, ladha ya kulamba ukuta.
Tangu nilipokuwa na miaka miwili.
Piga hesabu wewe, mimi nimechoka.

Mwezi wa tano nikaacha.
Sikutaka kufa. Liandike hilo, tafadhali,
liandike kabla ya mengine.
Nilitaka usiku mmoja usionidai.
Nikaimwaga glasi kwenye chungu cha mrihani wa mama,
pale roshanini, na gizani hapakuwa na shahidi.
Kesho yake, usiku mmoja mwingine.

Na asubuhi sikuweza kuamka.
Haikuwa damu. Damu ilikuwa tele, ya juzi tu.
Ilikuwa kama mtu amenikalia kifuani,
mtu mpole, asiye na haraka,
aliyekuja na kiti chake.
Nikaacha kumjibu Mirella. Nikaacha kuosha nywele.
Shuleni wakasema: maskini, ni ugonjwa wake.
Nyumbani wakasema: ni ugonjwa wako, pumzika.
Ugonjwa una mabega mapana,
kila mzigo wakautwisha,
na yule mtu mpole akaendelea kukaa.

Sasa mrihani.
Mwezi wa nane majani yakawa manjano,
mishipa tu ikabaki kijani, kama ramani ya mito
kwenye nchi iliyokauka.
Mama alikosa raha. Akaupunguzia maji, akauongezea,
akauhamishia kivulini, akaurudisha.
Akamwita jirani, bibi Efisia, aje autazame.
Bibi Efisia akavunja jani, akalinusa:
"Huu umekosa chuma."

Mama akashuka ghalani kwa babu,
akarudi na misumari yenye kutu kwenye aproni,
akaichomeka udongoni mmoja mmoja
akiunong'oneza mmea:
"Kula, mama. Kula."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.
Kisha kicheko kikabadilika katikati,
sikujua kilikobadilikia.
Mama akageuka, kutu vidoleni,
akaitazama glasi mkononi mwangu,
akautazama mrihani,
akaitazama glasi.

Mchuma janga hula na wa kwao, husemwa.
Mimi niliyejaa chuma
nilidhani nitakula peke yangu.

Hakusema kitu. Alikaa sakafuni, aproni na yote.

Alhamisi nesi Pinuccia akaisoma namba:
elfu nne na mia mbili.
Nikangoja hotuba, ninaijua kwa moyo,
moyo huohuo wanaouhofia.
Akavuta pazia, akauliza:
"Usingizi, je, unaupata?"

Miaka kumi na tano wamenipima
ini, mifupa, wengu, urefu.
Hilo lilikuwa swali la kwanza
lisilohitaji sindano.

Ndiyo maana nipo hapa, ghorofa ya tatu,
kwenye kiti chako chenye mguu mfupi.
Jana nilikunywa. Juzi sikunywa. Leo sijui.
Mrihani umetoa majani mawili, madogo kama kucha.
Misumari mama hajaitoa,
na sijamwambia aitoe.